Mchanga Mweusi Chini ya Karai: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Wanachama wa Tawi



Kamati imetuomba tuseme maneno machache juu ya kazi ya kuosha dhahabu, na hasa juu ya ule mchanga mweusi unaobaki chini ya karai. Labda wengine watauliza, chama cha wafanya kazi wa reli kina shauri gani na dhahabu? Jibu letu ni fupi. Wengi wetu tunatoka upande wa Kakamega, wengine Siaya, wengine Migori. Mtu akipata likizo huenda nyumbani, na akifika nyumbani huwakuta mke wake, ndugu zake na jirani zake wapo mtoni na makarai. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, karo inadaiwa, basi naye hushika karai. Na wale wenzetu waliopunguzwa kazini, ndiyo kazi iliyowapokea. Basi jambo hili ni letu. Mikono inayofunga boliti hapa ndiyo inayoosha mchanga kule, na ikiharibika kule haitafunga boliti hapa.

Kwanza tukumbuke habari za zamani, kwa sababu dhahabu ya kwetu ilianza na taabu. Dhahabu ya Kakamega ilionekana mwaka 1931, na mwaka 1932 Wazungu wengi walikuja mbio kuitafuta. Wakati ule ilikuwapo sheria ya mwaka 1930 iliyosema kwamba ardhi ya Waafrika ikitwaliwa kwa shauri la serikali, watapewa ardhi nyingine badala yake. Lakini mwezi wa Desemba mwaka 1932, sheria ile ikageuzwa ili watu wa Kakamega waweze kuondolewa kwa malipo ya fedha tu, bila kupewa ardhi nyingine. Ahadi ile haikumaliza hata miaka mitatu. Baadaye yakaja makampuni na mashimo marefu, na mgodi uliojulikana sana ni ule wa Rosterman, uliofungwa mwaka 1952. Makampuni yalikwenda, mashimo yakabaki, na watu wa nchi wakabaki pamoja na mito yao na makarai yao. Kule Migori nako ulikuwako mgodi wa Macalder, nao ulifungwa, na watu wanachimba hata leo katika sehemu zile.

Tunasema haya ili mjue kwamba dhahabu huleta wageni, na wageni huleta hesabu zao. Mwenyeji asiyejua kazi yake vizuri, na asiyejua hesabu, huachiwa matope.

Sasa tuwaeleze yaliyotupata sisi wenyewe, tusije tukaonekana kama walimu wasiowahi kuanguka mtihani. Mwaka mmoja tulikwenda likizo, sisi wawili wa karakana moja, nyumbani upande wa Ikolomani. Tukaosha mchanga siku nne mfululizo. Mwisho tulikuwa na mchanga mweusi robo ya kopo la maziwa ya unga, na ndani yake dhahabu ikimetameta. Tukafurahi sana. Tulijaribu kuutoa ule weusi kwa maji, lakini kila tulipouosha tuliona na dhahabu inaanza kwenda pamoja nao. Tukachoka. Tukalichukua kopo lote tukampelekea mnunuzi mmoja, ambaye hatutamtaja. Akatazama, akacheka, akasema, "Hii ni chuma. Mnaniletea chuma kama vile hamtoshwi na ile ya reli." Akamwaga mchanga wetu katika sahani yake, akapuliza mwenyewe, akapima mwenyewe, akatupa fedha kidogo ya nauli. Ule mchanga mweusi uliobaki akaukusanya taratibu akautia katika ndoo yake. Ndoo ile ilikuwa karibu kujaa.

Njiani tulikutana na mama mmoja mzee ambaye ameosha dhahabu tangu ujana wake. Sisi tulimwita kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu kwetu. Tukamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu:

"Wanangu, ile ndoo mliiona?"

"Tuliiona, kukhu."

"Basi mngejiuliza, mtu huweka akiba ya takataka?"

Swali lile lilituuma kuliko nauli. Tukamwomba atufundishe, naye akatufundisha siku tatu bila kudai kitu, ila tulimchotea maji na kumpasulia kuni. Mambo mengi tutakayosema yalitoka kwake. Mengine tumeyasoma na kuyajaribu baadaye.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Mchanga mweusi ni nini? Yule mnunuzi hakusema uwongo aliposema ni chuma. Sehemu kubwa ya mchanga huu ni madini ya chuma, ambayo yalikuwa ndani ya mawe. Mvua, jua na miaka mingi huvunja mawe, na maji huchukua vipande kupeleka mtoni. Chembe nyepesi hukimbia na maji. Chembe nzito huanguka mahali ambapo maji hupunguza mwendo: upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya jiwe kubwa, na katika nyufa za mwamba. Dhahabu ni nzito, nayo huanguka hapo hapo. Ndiyo sababu hukutwa pamoja na mchanga mweusi, kama abiria wawili walioshuka steshini moja ingawa si ndugu. Lakini fahamuni: uko mchanga mweusi mwingi usio na dhahabu hata chembe. Ukiuona, jua kwamba umefika mahali vitu vizito vinapotua, basi. Usianze kuhesabu fedha.

Tazameni uzito. Chukua kopo la lita 1. Maji yakijaa humo ni kilo 1. Jiwe jeupe la kawaida la mtoni, kama lingekuwa pande moja la kujaza kopo lile, lingekuwa kilo 2 na nusu na zaidi kidogo. Ule weusi unaovutwa na sumaku ungekuwa kilo 5 na kidogo. Dhahabu safi ingekuwa kilo 19 na zaidi. Kwa hiyo dhahabu ni nzito karibu mara nne kuliko mchanga mweusi.

Hapo fundi atauliza, kama ni hivyo, mbona ni vigumu kuzitenganisha? Swali zuri. Sababu ni ukubwa na umbo. Dhahabu ya mito yetu mara nyingi ni chembe ndogo sana, tena bapa kama ganda la pumba. Chembe kubwa ya mchanga mweusi yaweza kuwa nzito kuliko kile kipande chembamba cha dhahabu. Tena kitu bapa huchukuliwa na maji, kama jani linavyoelea na changarawe inavyozama. Basi maji hayajui ipi ni dhahabu na ipi ni chuma. Hujua tu ipi inazama upesi na ipi inachelewa. Mkichanganya chembe kubwa na ndogo katika karai moja, mnayachanganya maji akili. Mkitenga kubwa mbali na ndogo mbali, ndipo uzito wa dhahabu unapoonekana. Neno hili likamateni, kwa sababu kazi yote iliyobaki inatoka hapo.

Haya, tufuate utaratibu, kama vile treni inavyofuata ishara.

Jambo la kwanza ni karai. Karai jipya lina mafuta ya kiwandani, na mafuta huifanya dhahabu nyembamba kuelea juu ya maji na kwenda zake. Lisugue kwa sabuni na mchanga, au ulichome motoni, kisha ulioshe. Hata jasho na mafuta ya kujipaka mikononi hudhuru. Ukiona vijichembe vinaelea, tia tone la maji ya sabuni, vitazama.

Jambo la pili ni kuchekecha. Pitisha udongo katika chekeche la waya, ili mawe yabaki juu. Yatazame mawe hayo kabla ya kuyatupa, maana siku moja katika mia huenda moja likawa na kitu.

Jambo la tatu ni kuosha. Usijaze karai mpaka juu. Lizamishe majini, ukande udongo kwa vidole mpaka matope yote yayeyuke, kwa sababu dhahabu hushikamana na udongo wa mfinyanzi na kutoroka nao. Kisha tikisa karai upande huu na upande huu, kwa nguvu, likiwa limelala sawa. Wakati huo ndipo vizito vinaposhuka chini. Baadaye ndipo uinamishe kidogo na kuyaacha maji yachukue tabaka la juu. Tikisa tena, inamisha tena. Wengi wetu tunakosea kwa kuinamisha kabla ya kutikisa. Ni kama kuondoa treni kabla ya abiria kuingia.

Jambo la nne: ukifika kwenye mchanga mweusi, simama. Hapa ndipo tulipopotea sisi. Mtu amechoka, jua linazama, anataka kuiona dhahabu leo leo. Huosha kwa nguvu, na dhahabu ndogo hurudi mtoni. Kukhu alituambia tusimalize kazi ile mtoni hata siku moja. Mchanga mweusi utie katika kopo lenye kifuniko, nenda nao nyumbani, kesho ndiyo kesho. Ukikusanya wa siku nyingi, kazi ya kuusafisha ni moja.

Jambo la tano ni sumaku. Hapa sisi wa reli tuna ujuzi wetu. Wale wa shedi mnaujua mchanga wa injini, ule unaomwagwa mbele ya magurudumu reli ikiteleza kwa mvua. Mchanga ule lazima ukaushwe na kuchekechwa, maana mbichi huganda na kuziba bomba. Mchanga mweusi nao ni hivyo. Ukiwa mbichi hushikamana mafungu mafungu, na sumaku ikivuta fungu, huvuta na dhahabu iliyofungwa katikati. Kwa hiyo ukaushe kabisa. Tumia sufuria ambayo haitapikiwa chakula tena. Lakini sikilizeni: kama mchanga umetoka mahali watu walipotumia zebaki, usiutie motoni kamwe, wala hata juani karibu na nyumba. Sababu tutaieleza.

Ukishakauka, utandaze mwembamba juu ya karatasi au beseni la plastiki. Karai la chuma halifai hapa, kwa sababu sumaku itashikana na karai lenyewe. Sumaku ya spika mbovu ya redio inatosha. Ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, ili ukitaka kuachia ule weusi uitoe sumaku tu nao uanguke. Usiigandamize mchangani. Ipitishe juu, kadiri ya unene wa kidole, na chembe nyeusi zitaruka zenyewe kuifuata. Dhahabu haivutwi na sumaku, itabaki chini. Ulichokivuta, kitandaze tena ukivute mara ya pili, halafu ukioshe kidogo katika beseni kabla ya kukitupa. Sisi tulipofanya hivyo mara ya kwanza tulikuta dhahabu katika fungu tulilokuwa tumeliita takataka. Ndipo tulipomkumbuka mwenye ndoo.

Jambo la sita: sumaku haimalizi weusi wote. Yako madini meusi mengine na mekundu ambayo sumaku ya kawaida huyavuta kwa shida au haiyavuti kabisa. Hapa rudini kwenye lile neno la ukubwa. Pitisheni mchanga katika kitambaa cha chandarua, kisha katika kitambaa chenye matundu madogo zaidi, mpate mafungu mawili au matatu. Kila fungu lioshwe peke yake, kijiko kimoja au viwili tu kwa mara moja, katika beseni dogo lenye maji kidogo. Gongagonga ukingo kwa kidole, taratibu. Dhahabu itarudi nyuma na weusi utatangulia. Wengine hukausha na kupuliza kwa pumzi. Inawezekana, lakini fungeni kitambaa puani, kwa kuwa vumbi la mawe huharibu mapafu, na pumzi ya haraka hupeperusha mshahara wenu.

Na ujuaje kwamba ni dhahabu? Kinachong'aa juani na kufifia kivulini, hicho si dhahabu. Dhahabu ina rangi moja juani na kivulini. Igonge kwa nyundo ndogo: dhahabu hulala bapa, bali ile ya kudanganya huvunjika vipande.

Sasa tumefika mahali pa hatari, na hapa ndipo hasa kamati ilipotutuma.

Wako watu wanaosema, ya nini taabu yote hii? Tia zebaki, itashika dhahabu yote, ichome, umemaliza. Ni kweli zebaki hushika dhahabu na kufanya donge. Ni kweli ukilichoma donge, zebaki huondoka na dhahabu hubaki. Swali ni hili: huondoka kwenda wapi? Huondoka kama mvuke usio na harufu wala rangi. Aliye karibu huuvuta puani bila kujua, nao huingia katika damu, ukafika katika ubongo na mafigo. Mikono huanza kutetemeka. Mtu husahau, hukosa usingizi, hukasirika bila sababu. Mama mwenye mimba humdhuru mtoto ambaye hajaona jua. Na ile inayomwagika mtoni huingia katika matope, kisha katika samaki, kisha katika sahani zetu.

Tuna mwenzetu mmoja, hatutamtaja jina, aliyekuwa fundi hodari wa karakana. Alipoacha kazi alirudi nyumbani akaingia katika dhahabu. Alikuwa akichoma madonge yake jikoni, usiku, mlango umefungwa, ili jirani wasimwone. Mke alikuwapo, watoto walikuwapo. Tulipomtembelea alitukaribisha chai, lakini hakuweza kuishika birika. Mke wake alimimina. Yule mtu zamani alikuwa akisawazisha chuma kwa tupa mpaka nuru isipite, na sasa birika linamshinda. Hatusemi sisi ni madaktari. Tulimsihi aende hospitali, na apeleke watoto, na aseme wazi kwa daktari kwamba alichoma zebaki. Tunawasihi na ninyi: mwenye dalili hizi asifiche kazi aliyofanya, maana daktari asipoambiwa hataitafuta zebaki.

Na yale maneno kwamba ukinywa maziwa hutadhurika, yaacheni. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii mvuke kuingia mapafuni. Jikoni ndipo mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa mvuke ukipoa hutua katika kuta, katika vyungu na katika nguo za kulalia.

Dunia imekwisha liona jambo hili. Katika mji wa Minamata, nchi ya Japani, mwaka 1956 iligunduliwa kwamba watu walikuwa wanaugua ugonjwa mgeni. Kiwanda kilikuwa kinamwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki. Wengi walikufa na wengine walizaliwa viwete. Ndiyo maana mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ulipewa jina la mji ule. Tena mwaka 2010, huko Zamfara nchini Nigeria, watoto wapatao 400 walikufa kwa sumu ya risasi, kwa sababu mawe ya dhahabu yalikuwa na madini ya risasi na watu waliyasaga nyumbani mwao. Sumu ile si zebaki, lakini fundisho ni lile lile. Kazi ya madini isiletwe mahali watoto wanapolala.

Je, iko njia nyingine? Iko. Katika mkoa wa Benguet, nchi ya Ufilipino, wachimbaji wadogo wamezoea kwa miaka mingi kutumia boraksi badala ya zebaki. Boraksi ni unga mweupe ambao wahunzi wanaoungaunga vyuma wanaujua. Huosha mchanga wao vizuri mpaka ubaki kidogo sana, huchanganya na boraksi katika chungu kidogo, hufunika na mkaa na kuvuvia moto mkali. Dhahabu safi huyeyuka katika moto wa digrii 1,064. Boraksi huyafanya yale madini mengine kuyeyuka mapema na kuwa kama kioo chepesi juu, na dhahabu hukusanyika chini kama punje moja. Chungu kikipoa, kioo huvunjwa na punje hutolewa. Boraksi nayo isiliwe wala kuvutwa puani, na moto ule wataka uangalifu, lakini haiachi sumu ya zebaki katika nyumba wala katika mto.

Sasa mnaona kwa nini tumesema sana juu ya mchanga mweusi. Boraksi hufaa tu kama mchanga umesafishwa ukabaki kidogo. Ukiwa mwingi, boraksi haitoshi na moto hautoshi. Mtu hukimbilia zebaki kwa sababu ameshindwa na mchanga mweusi. Ajuaye kutumia sumaku, kitambaa na subira, hana haja ya kununua sumu. Zebaki huuzwa kwa mtu mwenye haraka, na mara nyingi anayeiuza ni yule yule anayenunua dhahabu.

Tuje katika hesabu. Bei ya dhahabu ya dunia hutajwa kwa wakia, na wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Chukua bei ya wakia ya siku hiyo, igawanye kwa 31.1, umepata bei ya gramu moja ya dhahabu safi. Dhahabu yetu ya mtoni si safi kabisa, huwa imechanganyika na fedha, na mnunuzi naye ana haki ya faida yake. Lakini aseme waziwazi anakata kiasi gani na kwa sababu gani. Usimpelekee mchanga akupulizie. Mpelekee dhahabu iliyokwisha safishwa na kupimwa nyumbani. Mizani ndogo mtu mmoja hawezi kuinunua kwa urahisi, lakini watu kumi wanaweza. Hapa ninyi wanachama hamhitaji kufundishwa. Kila mmoja wetu alipokwenda peke yake mbele ya mwajiri kuomba nyongeza, alirudi vipi? Na tulipokwenda pamoja, tulirudi vipi? Mtoni ni vivyo hivyo.

Na sheria pia tuijue. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yaliyo chini ya ardhi yako katika mikono ya serikali kwa niaba ya watu wote, hata kama shamba ni lako. Lakini sheria ile ile inamtambua mchimbaji mdogo, raia wa Kenya, nayo inampa njia ya kuomba kibali. Mnunuzi naye anatakiwa kuwa na leseni. Asiye na kibali hawezi kulalamika akidhulumiwa, na wajanja hulijua hilo. Basi watu wa kila kijiji waende pamoja katika ofisi ya madini ya kaunti yao, waulize, waandikishwe. Wazee wetu wa mwaka 1932 waligeuziwa sheria bila kuulizwa. Sisi tukikaa nje ya sheria iliyopo, tutakuwa tumejigeuzia wenyewe.

Neno la mwisho kwa vijana. Msiache kazi kwa ajili ya karai. Dhahabu ya mtoni ni ya kuongezea, na siku nyingi haina kitu. Msiingie katika mashimo ya zamani yasiyo na miti ya kushikilia kuta, na watoto wa shule wabaki shuleni. Ukiona mwenzako anachoma zebaki, usimcheke wala usimsengenye. Mfundishe habari ya sumaku, kama kukhu alivyotufundisha sisi tuliokuwa wajinga.

Tumeleta hapa beseni, sumaku mbili na kopo la mchanga mweusi kutoka nyumbani. Mkutano ukifungwa, atakayetaka aje mbele ajaribu kwa mikono yake. Na yule fundi mwenzetu, Ndugu Mwenyekiti, tunaomba kamati ipitishe kofia leo, tumsaidie nauli ya kwenda hospitali kubwa pamoja na watoto wake. Sisi tumekwisha tia yetu.